Kuhusu Dresa Anayewatembeza Wazee Bila Safari

Duka la Abbasi bin Omary,
Karatu, Wilaya ya Mbulu.
6 Agosti 1963

Kwa Bwana Mganga wa Wilaya,
Mbulu.

Bwana Mganga mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitini, na hata kukaa huku nimekuiba. Pokea heshima zangu na za Saidi, fundi cherehani, ambaye yuko hapa barazani kwangu anashona sare za shule, na kila ninapotaka kulainisha neno ananiambia niliache lilivyo. Tunajua una wagonjwa wengi na muda wako ni mchache. Shida yetu ni kwamba sisi si wagonjwa, na kuna mtu wako hapa Karatu ambaye hataki kabisa kulikubali jambo hilo.

Mtu mwenyewe ni Bwana Hhando, dresa wa zahanati yetu, aliyeletwa mwezi wa pili mwaka huu. Ni kijana wa huku huku kwetu, Mwiraqw, msafi, ana adabu, hanywi pombe, hachelewi kazini. Nayasema haya ili ujue kwamba simwonei. Ubaya wake ni mmoja: ametoka mafunzoni akiamini kwamba mtu hujiletea maradhi kwa kijiko chake, kiti chake na mdomo wake. Zamani ugonjwa ulitoka kwa Mungu, au kwa mbu, au kwa jirani mwenye kijicho, na mtu aliugua na heshima yake. Sasa ukisema unaumwa unaulizwa ulikula nini.

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na nne, asili yangu Kondoa. Duka hili nililifungua wakati barabara ya Oldeani ikimeza malori ya kahawa mpaka mabodi. Nauza sukari, chumvi, majani ya chai, sigara, mafuta ya kula, nguo na shanga. Saidi ameshona barazani kwangu miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hatujagombana ila mara moja, juu ya redio. Mwingereza alitutawala miaka arobaini. Alitutoza kodi ya kichwa, alitupangia pa kulima, na mwaka wa hamsini na tisa aliwatoa Wamaasai Serengeti akawaleta huku juu Ngorongoro bila kuwabembeleza. Lakini haki yake nampa: hakuwahi hata siku moja kuniuliza naweka vijiko vingapi kwenye chai. Tumeambiwa Uhuru na Kazi, tukaitika. Hakuna aliyetuambia Uhuru na Kutembea.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. SUKARI

Mwezi wa tatu nilikwenda zahanati kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokuwa kimekataa kupona, na kiu isiyokwisha. Nilitaka dawa ya kupaka. Badala yake Hhando aliniomba mkojo. Akautia kwenye kichupa chenye maji ya buluu, akaupika juu ya moto mbele ya macho yangu, nao ukageuka rangi ya tofali. Akaniambia mkojo wangu una sukari. Nikamjibu kwamba kama kuna sukari humo ni yangu, niliinunua kwa haki, na sioni inamhusu nini yeye. Hakucheka. Akaniuliza vijiko. Nikamwambia ukweli, sita kwa kikombe, na vikombe sikuvihesabu kwa sababu mimi si karani wa chai.

Tangu siku hiyo nimekatazwa sukari. Mimi, Bwana Mganga, ambaye gunia la sukari linasimama karibu na goti langu tangu asubuhi hadi jioni! Mteja akiniuliza kama sukari hii ni tamu, nimjibu nini? Nimwambie nasikia sifa zake?

Na kibaya zaidi Hhando hakuniambia mimi peke yangu. Alimwambia na mke wangu, Mwanamisi. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini, na amri zangu nyingi zimepita katika nyumba ile kama upepo wa Agosti, zinatimua vumbi kidogo kisha zinatoka dirishani. Amri ya Hhando ilitekelezwa kabla chai haijapoa. Kopo la sukari ya nyumbani limefungiwa kabatini, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Nakunywa maji ya moto yenye rangi.

Hhando atakuambia kwamba kidonda kimepona. Ni kweli kimepona. Lakini kupona ni kazi ya kidonda chenyewe, na sioni kwa nini sifa apewe dresa.

2. KUTEMBEA

Hhando ameniamuru niwe natembea kila asubuhi kutoka dukani kwangu, nivuke korongo, nipande kile kilima mpaka zahanati, nijionyeshe dirishani kwake, halafu nirudi. Siendi kuchukua dawa. Dawa ndiyo huko kwenda. Wewe ni msomi, hebu nisikilize. Mtu huenda mahali kwa sababu ana shida na mahali hapo. Rafiki yangu Lembris anashuka kwa miguu kutoka Ngorongoro kwa sababu ana mbuzi wa kuuza. Watu wa Baray wanakuja na mahindi yao kwa sababu kuna soko. Mtu wa duka hana pa kwenda. Ndiyo maana alifungua duka, ili wenye pa kwenda waje kwake.

Tena Karatu si mji wa kutembea ovyo. Hapa mtu mzima akionekana asubuhi anakwenda haraka, hana mzigo, hana mfugo, hana hata kikapu, maana yake ni moja tu: amefiwa. Siku ya kwanza nilipita kwa Germana, muuza maharage. Alinitazama mikono, akaiona mitupu, akaweka kibaba chini. "Pole, Mzee Abbasi," akaniambia kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nahema, sina pumzi ya kumjibu, naye akaona nimezidiwa na majonzi. Siku ya pili nikapita tena, nahema vile vile, na safari hii nilikuwa najifuta uso kwa leso.

Siku ya tatu niliporudi nilikuta uani kwangu kumejaa watu. Maji yameshatekwa, kuni zimeshapangwa, Germana ameleta sufuria kubwa la maharage, na mzee mmoja aliyetoka mbali amekalia kigoda changu, ameshika kichwa. Mwanamisi alikuwa anazunguka katikati yao huku analia, kwa sababu aliona wote wana huzuni na hakuna aliyethubutu kumwambia nani aliyekufa. Aliponiona naingia alipiga ukelele wa kutisha. Wakati ule alikuwa ameshafikia uamuzi kwamba maiti ni mimi.

Ilibidi nipande juu ya gunia la chumvi nitangaze kwamba hakuna msiba. Watu walikasirika sana. Yule mzee wa kwenye kigoda aliniuliza, na aliuliza kwa haki kabisa, "Kama hakuna aliyekufa, mbona ulikuwa unatembea?" Maharage yalikuwa yameshaiva, yakaliwa.

Baada ya hapo Hhando alizunguka sokoni akawaeleza watu kwamba Mzee Abbasi yuko kwenye dozi ya miguu na wasishtuke. Mimi nami sitoki tena bila mwavuli na kikapu, hata kikiwa kitupu, ili mgeni asiyejua asije akaanza kuchanga. Basi sasa ninapopita watu wanapiga makofi. Germana yule yule aliyenipa pole hupaza sauti, "Ongeza, mzee, ongeza!" Nimekuwa kichekesho cha mji, katika umri wa kuitwa babu.

Mwezi wa tatu nilikuwa napumzika mara nne njiani: korongoni, kwenye jiwe jeupe, kwenye kisiki, na mlangoni kwa yule mama mwenye bata. Sasa napumzika kwenye kisiki tu. Na hilo nalo nalilalamikia, kwa kuwa pale kwa mama mwenye bata nilikuwa nimeshapazoea.

3. KIUNO CHANGU

Hhando alikuja barazani akaazima futi ya Saidi, ile ya kupimia nguo, akanipima kiuno mbele ya wateja. Tangu siku hiyo ananipima kila mwezi na kuandika. Kiuno kinapungua na yeye anafurahi.

Hafahamu kwamba kitambi cha mwenye duka ni sehemu ya duka. Mchungaji anayeshuka kutoka mlimani hawezi kusoma kibao changu, lakini anaweza kunisoma mimi. Akiniona mnene anajua unga wangu haujachanganywa na kitu na kwangu hakuna njaa. Sasa wanawake wa Kimaasai wanaingia, wananitazama, wanatazamana. Nashipai, mke wa Lembris, aliniuliza kama nina minyoo. Akanipa dawa, na kwa heshima niliinywa. Sitakueleza yaliyofuata.

Suruali zangu zote zimelegea, nazifunga kwa kamba ya katani. Saidi amejitolea kuzipunguza, na kila asubuhi ananiambia, "Abbasi, lete hizo suruali, unanitia aibu, watu watasema fundi ni mimi." Nimekataa. Kupunguza suruali ni kukubali kwamba hali hii itadumu. Hhando akihamishwa, kitambi kitarudi, na kikirudi nataka kikute nafasi yake.

4. CHUMVI NA SIGARA ZA SAIDI

Hapa naandika kwa niaba ya mwenzangu. Kwangu mimi Hhando ameona sukari. Kwa Saidi, ambaye alikuja zahanati kunisindikiza tu, alifunga ule mpira wake kwenye mkono, akaupuliza, akatazama saa yake ndogo, akaupuliza tena. Akamwambia Saidi kwamba damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, kwamba aache chumvi ya kuongeza mezani, aache sigara, na aende kwako Mbulu ukamwone.

Saidi anavuta sigara akishona tangu kabla sijamfahamu. Anasema moshi unamsaidia kuona tundu la sindano. Na chumvi yake anaiweka kwenye kikopo cha vifungo, maana hakuna chakula cha mtu mwingine kinachomtosha. Alimuuliza Hhando kama damu iliyosinzia ndiyo nzuri. Hhando akamjibu, "Mficha maradhi, mzee, kifo kitamuumbua." Tazama maneno ya kumwambia mtu mzima! Saidi alicheka siku nzima. Mbulu hakwenda, kwa sababu ya sare, na kwa sababu mtu mwenye afya akienda hospitali anawaziba nafasi wenye shida.

Tangu hapo Hhando anapita barazani kila Jumatatu na mpira wake, bila kuitwa. Saidi ananyoosha mkono huku anaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu. Hhando anapuliza, anatazama, anatikisa kichwa. Kama mfanyabiashara nakuuliza, ni haki mteja aletewe kila wiki bidhaa aliyokwisha kuikataa?

5. KONDOO

Lalamiko hili ndilo kubwa, na hapa naamini hata wewe utakuwa upande wetu.

Mwezi uliopita Hhando alikuwa anatuhubiria juu ya moyo. Akasema, "Tazameni wazee wa Kimaasai. Wanakula nyama na kunywa maziwa, na mtu wa miaka sabini anapanda ukingo wa Ngorongoro bila kuhema." Kwa mara ya kwanza nikaona kijana amesema neno la maana. Nilimwambia Saidi kwamba kumbe tiba yetu ilikuwa inapita mlangoni kila wiki na sisi tunaipa salamu tu.

Nikamwuliza Lembris. Akanieleza mambo ya orpul, ambayo ni desturi yao: wanaume huenda porini na ng'ombe, wakamchinja, wakala nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka kila kitu kiishe, kisha wakarudi na nguvu mpya. Sisi hatukuwa na pori, lakini ua tulikuwa nao. Nikanunua kwa Lembris kondoo dume mwenye mkia mzito wa mafuta. Nashipai akatuletea mizizi ya mti wanaouita olkiloriti ya kutia kwenye supu. Nilimchinja mwenyewe kwa bismillahi. Damu tuliiacha, maana dini hairuhusu, na Saidi anasema labda hapo ndipo tulipoharibu dawa.

Kwa siku nne mimi na Saidi tulikaa uani juu ya mkeka. Duka nililifunga. Tulikula nyama ya kuchemsha asubuhi, ya kuchoma mchana, na jioni tulikunywa supu yenye mafuta unene wa kidole. Saidi alitia chumvi ya watu wawili, kwa kuwa mimi sikuitaka yangu. Tulicheka sana siku zile, nakiri, tukakumbushana hata ile habari ya redio. Mwanamisi alikasirika, akaenda kwa binti yetu Hamisa huko Oldeani, na ufunguo akaondoka nao.

Siku ya tano sikuweza kuinama kufunga kiatu. Saidi alisema kichwa chake kinanguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta. Ndipo akaja Lembris. Akaitazama mifupa, akatutazama sisi, akauliza, "Nyinyi namaliza yote?" Tukasema yote. "Halafu nyinyi nakwenda wapi?" Tukamwambia hatuendi popote. Akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri. "Sisi nakula orpul, halafu nafuata ng'ombe mpaka Arash. Siku tatu, hapana kaa. Nyinyi nakula safari ya Arash, halafu nakaa nayo kwa tumbo."

Sasa jambo hili la kwenda Arash, Hhando alikuwa wapi asituambie? Anadai alituambia. Anadai alisema nyama na maziwa na kutembea kutwa nzima. Mimi na Saidi tumejaribu kukumbuka kwa dhati na hatukumbuki kutembea. Nadhani wakati anafika huko sisi tulikuwa bado kwenye nyama. Na kama dawa ina masharti, mwenye dawa ayatangulize. Mimi nikimuuzia mtu taa namwambia na mafuta yake.

MAOMBI

Kwa sababu hizo tunaomba, kwa unyenyekevu kabisa:

(a) Bwana Hhando ahamishwe Karatu kabla ya mwisho wa mwezi. Apelekwe juu Ngorongoro kwa akina Lembris, ambao wanatembea tayari na hawataki kuponywa, hivyo hataweza kuwaharibia kitu.

(b) Nipewe cheti chenye muhuri wa serikali kinachoniruhusu vijiko vitatu. Tunakutana nusu ya njia, nami sitasema umenikandamiza.

(c) Saidi apewe barua inayosema kwamba damu yake ni yake, isukume itakavyo.

(d) Kama (a) haiwezekani, basi mji upelekewe tangazo kwamba kupigia makofi mtu mzima anayetembea ni kosa.

Wasalimie wauguzi wote wa kike na wa kiume, mpishi wa hospitali, karani wako atakayeifungua barua hii na mlinzi wa lango. Mwanamisi, ambaye amekwisha kurudi, anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Lembris anakusalimu na anauliza kama ng'ombe zako ni wazima. Germana anasema maharage yakikupungua utume mtu.

Ni mimi mwenye kukuheshimu na kudhulumika,

Abbasi bin Omary,
mwenye duka

na Saidi, fundi cherehani, atakayetia sahihi yake hapa siku ya Ijumaa akimaliza sare: ........................

NYONGEZA, 14 Agosti

Bwana Mganga, pale penye nukta hapana sahihi, na nitakueleza kwa nini.

Alhamisi baada ya alasiri Saidi alikuwa anashona kola, akanyamaza. Saidi hanyamazi. Nilipogeuka, mguu wake mmoja ulikuwa bado unakanyaga na cherehani inazunguka, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeanguka pajani na mdomo umekwenda upande. Aliniangalia kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Hapakuwa na gari. Lori lilikuwa limekwenda Oldeani tangu mchana. Nilimlaza kwenye mapaja ya Mwanamisi, nikatoka.

Nilikimbia, Bwana Mganga. Nilikuwa nalia na kuita watu, lakini pumzi haikutosha yote mawili, sauti haikutoka. Mji wote uliniona na mji wote ukapiga makofi. Germana akasimama juu ya kibao chake, "Ongeza, mzee, ongeza!" Mwezi wa tatu nilitembea bila sababu wakanifuata mpaka uani na kuni. Alhamisi nilikuwa na sababu na hakuna hata mmoja aliyenifuata. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Palikuwa na miguu hii tu. Nilivuka korongo, nikapita jiwe jeupe, nikapita kisiki, nikapita kwa mama mwenye bata, sikusimama popote.

Hhando aliniona kupitia dirisha akadhani nimekuja mara ya pili kwa siku. Akaanza kutabasamu. Halafu akanitazama mikono, akaiona mitupu, hakuna mwavuli, hakuna kikapu. Alichukua mkoba na baiskeli, akashuka kilima.

Landrova ya shamba moja la kahawa ndiyo iliyomleta Saidi kwako, na Hhando alimshika kichwa njia nzima. Aliporudi alinieleza kwamba yuko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kwamba mkono wa kulia haujaamka, lakini ameomba chumvi. Alinieleza pia kwamba tungechelewa kidogo tu, zile kuni na maji vingekuwa vya haki. Germana alikuja dukani akalia, akaniomba radhi. Nilimwambia hana kosa. Yule kondoo nilimnunua mimi. Nayasema haya wazi kwa sababu mtu wa kumwambia ndiye aliyelala kwako.

Basi lalamiko la pili nalifuta. Niliandika kwamba mtu wa duka hana pa kwenda. Alhamisi nilikuwa na pa kwenda. Ombi (a) nalo nalifuta. Kama umeshaandika barua ya uhamisho, ichane. Kama Hhando atakuwa ameshaondoka, niambie yuko wapi, nitamfuata mwenyewe kwa miguu. Kuhusu sukari bado nina manung'uniko, lakini kikopo cha vifungo chenye chumvi ya Saidi nimemkabidhi Mwanamisi akifungie nacho, na sasa pindo lake lina mafundo mawili.

Utauliza kwa nini basi nakuletea barua niliyoifuta. Tuliitunga pamoja na Saidi, na nilipomsomea habari ya msiba usio na maiti alicheka mpaka akajidunga sindano. Naomba muuguzi mmoja amsomee. Nasikia siku hizi anacheka kwa upande mmoja wa uso. Huo mmoja unatosha.

Na akishamaliza kucheka, mwambieni kola aliyoiacha iko pale pale chini ya sindano, sijaruhusu mkono wa mtu uiguse. Mwambieni suruali nimekubali zipunguzwe. Fundi wa sokoni amekuja mara mbili kuziomba, nimemfukuza. Naendelea kufunga kamba mpaka mwenyewe arudi.

A. bin O.